Wanangu Mnaokwenda Kusoma Ng'ambo, Ukimya Wenu Utasomwa Vibaya

Wanangu,

Nimesikia majina yametoka na ninyi mmo. Hongereni sana. Najua sasa hivi hamkai chini: viza, picha za pasipoti, taarifa ya benki, cheti cha chanjo, na kila ofisi inataka nakala yenye muhuri wa ofisi nyingine, ambayo nayo inataka muhuri wa ile ya kwanza. Hayo mtayamaliza. Kila aliyewahi kusafiri ana orodha yake ya nguo na makaratasi, na atawapa hata kabla hamjamwomba. Mimi nataka tuzungumze jambo ambalo sijaliona kwenye orodha ya mtu yeyote, nalo ni ukimya wenu.

Nilikwenda kusoma ng'ambo na adabu zangu zote. Semina yangu ya kwanza tulikuwa watu kumi na wawili tumezunguka meza. Mwalimu hakuwa na mimbari. Aliketi kati yetu, akauliza swali, kisha akanyamaza. Makala ile nilikuwa nimeisoma mara mbili, pembezoni nimejaza maelezo kwa penseli. Jibu nilikuwa nalo. Nikasubiri niitwe jina, maana nilivyokua mimi, mdogo huitwa ndipo akasema. Hakuita mtu. Mwenzangu wa kushoto akadakia swali halijapoa, akasema jambo nililojua kabisa si sahihi, na mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilisubiri kuitwa muhula mzima. Mwisho wa muhula nikapewa maoni ya mwalimu, mstari mmoja: mwanafunzi huyu haji darasani akiwa amejiandaa. Nililia, wanangu. Alama hazikuwa mbaya kiasi cha kulilia. Nililia kwa sababu maneno yale yalikuwa uongo, na aliyeyaandika hakuwa mwongo. Aliona mtu asiyesema, akamwandika kama mtu asiye na la kusema.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hata hamjajua maktaba ina milango mingapi, chukueni muhtasari wa kila kozi mtazame alama zinagawanywaje. Mara nyingi mtakuta fungu limewekwa kwa ajili ya kushiriki darasani. Fungu hilo hulipati kwa kuhudhuria, unalipata kwa kusema. Dawa iliyonisaidia mimi ni ndogo: usiku wa kuamkia semina andika swali moja kamili kwenye karatasi, na ulitoe ndani ya dakika kumi za mwanzo, hata kama sauti inatetemeka. Ukishasema mara moja moyo hutulia. Ukisubiri hadi saa nzima ipite, kila dakika inaongeza uzito wa ulimi.

Na hesabu ya krediti msiichezee. Vyuo vingi vya Ulaya hutumia mfumo wa krediti ambapo mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kozi ya krediti 5 basi ni saa 125 au zaidi. Sasa piga hesabu: kama darasa linakutana saa 2 kwa wiki kwa wiki 14, hizo ni saa 28. Zinazobaki ni zako peke yako, na kitabu, na hakuna atakayekuuliza umezitumiaje. Vijana wengi wakiona ratiba yenye nafasi tupu hudhani wamepata mapumziko.

Sasa nije kwenye hizi kozi za tamaduni mlizopangiwa, za mawasiliano kati ya watu wa mataifa mbalimbali. Najua mnavyozitazama, kwa sababu nami nilizitazama hivyo hivyo: krediti za bure. Mtu ana kozi ya takwimu inamkosesha usingizi, halafu anaambiwa aje ajifunze kusalimiana! Nilikaa nyuma kabisa.

Siku moja tukapewa zoezi. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza, andika ulichokiona au kukisikia, kama ambavyo kamera ingekinasa. Ya pili, andika unadhani kilimaanisha nini. Ya tatu, andika kilikufanya ujisikieje. Nilicheka moyoni, nikaona ni kazi ya watoto. Ila wiki ileile nilikuwa na donge rohoni, kwa hiyo nikalitumia. Tulikuwa na kazi ya kikundi, na mwenzetu mmoja alisoma sehemu yangu mbele ya wote akasema, "Hii haina hoja, inabidi iandikwe upya." Hivyo tu, bila utangulizi, kisha akafungua ukurasa unaofuata. Siku kumi sikumsemesha.

Nilipojaza safu zangu, ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: alisema sehemu yangu haina hoja. Safu ya pili ilishuka hadi chini ya ukurasa. Ananidharau. Anadhani sijui lugha. Ananisema mbele ya watu ili anishushe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kinywani mwake. Nikajikaza nikamwendea. Akashangaa kwa kweli, akaniambia kwamba angenidharau asingepoteza muda wa kusoma kazi yangu, angeiacha ikaangukia pua mbele ya mwalimu. Na yeye alikuwa na donge lake: siku zote hizo alijiuliza kwa nini nimeacha kuitikia salamu zake. Ukimya wangu, ambao kwangu ulikuwa heshima ya kutogombana, yeye aliusoma kuwa kiburi.

Kinyume chake kilinikuta kwa msimamizi wa utafiti wangu. Huyu alikuwa mtu wa maneno laini. Alinirudishia rasimu na maelezo ya penseli pembeni: inavutia sana, labda ungependa kuitazama tena sura ya pili. Nikafurahi. Nikaitazama, nikaona iko sawa, nikaiacha. Wiki tatu baadaye akaniuliza kwa mshangao kwa nini sijabadilisha kitu. Kumbe kwa lugha yake yale maneno yalikuwa na maana ya sura nzima haifai. Yaani ng'ambo ileile, jengo lilelile, mmoja ananipa ukweli mtupu na mwingine ananifungia ukweli kwenye pamba, na mimi nakosea wote wawili.

Mtafundishwa jina la jambo hili. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyewahi kuwafundisha wanadiplomasia wa nchi yake miaka ya 1950, ndiye aliyetofautisha jamii ambazo maana kubwa imo ndani ya maneno yenyewe na zile ambazo maana imo katika mazingira: nani kasema, kamwambia nani, wapi, na nini hakikusemwa. Mtakapofika kwenye somo hilo msilikariri kwa ajili ya mtihani. Mfikirieni mtu mmoja mliyekasirikiana naye wiki hiyo.

Mtaonyeshwa pia chati za mtafiti Mholanzi, Geert Hofstede, zenye alama za nchi mbalimbali: katika nchi hii kila mtu hujitazama kivyake kiasi hiki, ile inaogopa mambo yasiyotabirika kiasi kile. Mzitazame kwa macho mawili. Alama zile zilianza na madodoso zaidi ya 100,000 waliyojaza wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta, IBM, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Ni wastani wa watu wengi wa kundi fulani la wakati fulani. Mwenzako wa chumbani si wastani. Nimewaona vijana wakimjibu mtu usoni, "Ninyi watu wa kwenu hampendi kufuata saa," wakiwa na kitabu cha kozi ya tamaduni kwapani.

Kuna hili la kusemea watu wote. Mtaulizwa, na mara nyingi kwa nia njema, "Kwenu mnaonaje suala hili?" Kwenu maana yake nchi nzima, wakati mwingine bara zima. Kichwa kitataka kuvimba, mjione mabalozi. Jibuni yale mliyoyaona ninyi wenyewe, na mseme wazi kuwa wapo wa kwenu wanaoona tofauti. Na ninyi vilevile msimgeuze mwanafunzi mmoja mliyemkuta jikoni kuwa msemaji wa taifa lake.

Kuhusu upweke. Kalervo Oberg, aliyewahi kufanya utafiti wa kianthropolojia Ankole, Uganda, alitoa hotuba mwaka 1954 mjini Rio de Janeiro kwa wageni waliohamia huko, akaeleza mshtuko wa utamaduni na hatua zake: kwanza fungate, kila kitu kinapendeza, kisha unakichukia kila kitu, halafu polepole unazoea. Mwaka uliofuata mwanasosholojia wa Norwe, Sverre Lysgaard, akaandika kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili, akaona nao wanashuka kisha wanapanda, na watu wakaichora habari hiyo kama herufi U. Mchoro huo mtauona kila mahali. Lakini utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba wengi huumia zaidi mwanzoni kabisa, siku za kwanza kwanza, bila fungate yoyote. Nawaambia hili kwa sababu nimewajua vijana waliofika, wakalia usiku wa pili, wakadhani wao ni wabovu kwa kuwa karatasi ya kuwaelekeza wanafunzi wapya iliwaahidi furaha ya miezi mitatu. Vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi, na huduma yao kwa kawaida hailipiwi. Nendeni mapema. Kwenda kwa mshauri hakuandikwi kwenye matokeo.

Mtawakuta wa kwenu huko, na mtashikana. Sitawaambia muwakwepe, kuna siku mtu anahitaji kucheka kwa lugha yake, na asiyekubali hilo hajawahi kuugua ugenini. Ila tazameni kalenda. Ikiwa jioni zote saba za wiki ziko kwao, mmekwenda mbali kukaa nyumbani.

Jirani yangu wa bwenini alikuwa kila asubuhi akipita kwenye ujia ananiuliza hali yangu. Wiki ya kwanza nilisimama, nikaweka ndoo chini, nikaanza kumweleza: sikulala vizuri, kichwa, barua kutoka nyumbani haijafika. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika ngazini. Nilimwona mtu asiye na utu. Baadaye, nilipougua mafua makali nikashindwa kutoka, ni yeye aliyegundua kwamba siku mbili hajanisikia, akaja kugonga. Utu alikuwa nao. Salamu yake tu haikuwa mahali pa kuuwekea.

Jambo moja ambalo halina utani: maandishi ya watu. Ukichukua sentensi ya mtu bila kumtaja, huko wanauita wizi, na unapelekwa mbele ya kamati. Na si sentensi tu. Niliwahi kuwafundisha vijana wawili marafiki waliofanya zoezi la mtu mmoja mmoja kwa kusaidiana usiku kucha, kama walivyozoea tangu shule, wakakabidhi majibu yanayofanana hadi makosa. Kwao ulikuwa undugu. Kwenye fomu ya kamati paliandikwa udanganyifu, na wote wawili wakarudia kozi. Kila zoezi, muulize mwalimu kwa maandishi: hili tunaruhusiwa kulifanya pamoja? Tena muulize bila aibu, hata kama amekuambia umwite kwa jina lake la kwanza na ulimi wako umegoma. Wangu uligoma mwaka mzima; nilikuwa namzunguka mlangoni hadi anione mwenyewe.

Kurudi nako kuna mshtuko wake. Wanandoa wawili watafiti, John na Jeanne Gullahorn, waliandika mwaka 1963 kwamba ile U hurudiwa tena mtu akifika kwao, ikawa W. Niliporudi nilikuwa nasema "kule sisi" kila baada ya sentensi mbili, hadi mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa sauti mezani. Mpeni mtu mmoja mvumilivu hadithi zote, wengine muwape wakiuliza.

Na makaratasi ya kurudi huanza siku ya kwanza, hapa nawasihi. Kama mnakwenda kwa muhula au mwaka kisha mnarudi kumalizia chuo chenu, hakikisheni mkataba wa masomo, yaani karatasi inayotaja kozi mtakazosoma huko na ambazo chuo chenu kitazitambua, umesainiwa na pande zote kabla ya kupanda ndege, na mkibadilisha kozi hata moja, usainiwe upya wakati uleule. UNESCO ilipitisha mwaka 2019 mkataba wa dunia wa kutambua sifa za elimu ya juu, nao ukaanza kutumika 2023, lakini si kila nchi imeuridhia, na hata iliyouridhia bado afisa atakuuliza kozi hii ilifundisha nini. Jina la kozi halimtoshi. Atataka muhtasari wenye mada, saa, na namna ya kupimwa.

Kwa hiyo kila muhtasari mtakaopewa, pakueni siku hiyohiyo mkauhifadhi mahali penu wenyewe, nje ya akaunti ya chuo. Akaunti hiyo hufungwa baada ya masomo, na siku mtakayouhitaji mtakuwa mnaandika barua kwa ofisi ambayo aliyewajua ameshahama.

Nawatakia safari njema. Mkifika niandikieni, hata mistari mitatu.

Ni mimi mama yenu mzee, niliyewahi kukaa upande wa meza usiosema.