Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: utafiti wa magonjwa adimu ya mifupa usikatwe

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu alipoanza kutembea, miguu ilianza kupinda. Tukaambiwa ni matege tu, tumpe vitamini D na kumwanika juani. Tulifanya hivyo miaka miwili, na miguu ikazidi kupinda. Hakuna aliyempima fosfati ya damu, madini yanayoupa mfupa ugumu. Alipokuja kupimwa, ilionekana figo zake zinaimwaga fosfati kwenye mkojo, na mfupa usioipata haushiki ugumu. Ni ugonjwa wa kurithi. Jeni yenye hitilafu, PHEX, ilitambuliwa mwaka 1995. Inapoharibika, mifupa yenyewe hutoa kupita kiasi homoni iitwayo FGF23, nayo ndiyo huziamuru figo kuitupa fosfati. (Kabla ya hapo nilidhani homoni ni kazi ya tezi peke yake.) Utafiti uliofuata ulizaa burosumabu, dawa inayoizuia homoni hiyo, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2018.

Kila bajeti inapopangwa tunajibiwa kwamba wagonjwa wa aina hii ni wachache, fedha ziende kwenye magonjwa ya wengi. Mheshimiwa, wengi hao hao hunufaika kupitia wachache. Kuna ugonjwa uitwao sklerosteosisi, uliopatikana katika familia chache, hasa Afrika Kusini. Mifupa yao hunenepa bila kikomo, hadi fuvu likabana neva za uso na za masikio. Mwaka 2001 jeni yao, SOST, iligunduliwa. Kazi yake ni kutengeneza sklerostini, protini inayozuia ujenzi wa mfupa usipite kiasi, lakini kwao haitengenezwi. Kwa kujifunza kwao ikapatikana romosozumabu, inayoizuia protini hiyo. Tangu 2019 hupewa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa yao imedhoofika na iko hatarini kuvunjika. Hao ni mamilioni.

Ninaomba fedha za utafiti huu zisiguswe, na iwepo sajili ya wagonjwa ili watafiti wajue pa kutupata. Tena, kila mtoto ambaye matege yake hayasikii vitamini D apimwe fosfati mapema. Ni kipimo cha kawaida cha maabara. Mwanangu amepasuliwa miguu mara mbili kunyoosha mifupa, na bado anachechemea.

Wako mtiifu,
Mama wa mgonjwa