Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: tumrekodi Ngala kabla wazee hawajatuishia

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Kaloleni.

Juzi nilikaa na mzee mmoja chini ya mwembe wake, mboko, kibuyu cha tembo la mnazi, katikati yetu. Nilitaka anisimulie habari za Ronald Ngala, mwanasiasa wetu wa Pwani wa enzi za uhuru. Nilidhani ataanza na uhuru, au safari za London za kujadili katiba. Akautoa mrija mdomoni, akaanza na nyuki. "Wewe ushaona wapi nyuki wakiangusha waziri?"

Kila Mgiriama wa rika lake atakuuliza hivyo. Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa, na maelezo yaliyotolewa yakawa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari. Alifariki Nairobi siku ya Krismasi. Sikuandikii kufufua kesi ile. Nakuandikia kwa sababu nyuki wale wamemla mara ya pili: vijana wetu wanajua alivyokufa, hawajui alivyoishi.

Alikuwa mwalimu. Alisoma Alliance na Makerere, akafundisha, akawa mkuu wa shule ya Buxton pale Mombasa. Mwaka 1957 akawa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, pamoja na akina Mboya, Odinga na Moi. Mwaka 1960 akaongoza KADU, chama cha makabila madogo yaliyohofia kumezwa. Mwaka uliofuata KANU, chama kilichoshindana nacho, ilishinda viti vingi ikakataa kuunda serikali hadi Waingereza wamfungue Kenyatta, na Ngala akakubali kushika usukani. Wapo waliomwita kibaraka kwa hilo. Mimi naona alifanya hesabu ya mwalimu: kiti kikiwa wazi, anayekikalia ndiye anayesikilizwa meza ya katiba ikiwekwa.

Na alisikilizwa. Katiba ya 1963 iliipa Kenya majimbo 7, kila moja na bunge lake, Pwani ikiwemo. Lakini serikali ya KANU iliyofuata haikuyataka, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka upande wa pili mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala, wakati huo kiongozi wa upinzani, akakivunja chama chake mwenyewe na kujiunga na serikali. Hapo mimi na mzee tulikosana. Yeye anasema tuliuzwa. Mimi nasema mtu aliyebaki na ngome tupu hana cha kuuza. Tulibishana mpaka mboko ukakauka, mkewe akatuletea mihogo ili tunyamaze.

Mheshimiwa, ofisi unayoikalia ilikuja na katiba ya 2010, lakini neno "majimbo" lilikuwa karibu tusi nchini kwa miaka mingi kabla ya hapo. Sisemi kaunti ni majimbo yale yale. Kaunti 47 zinategemea mgao kutoka Nairobi kwa namna ambayo nadhani Ngala angeipigia kelele. Ila swali ni lile lile alilolibeba hadi London: mtu wa Ganze, huku kwetu Kilifi, aamuliwe mambo yake na nani, na wapi?

Ombi langu ni dogo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 leo amepita 80. Watume vijana wawili watatu wenye kinasa sauti, waende Vishakani alikozikwa, Rabai, Ganze, Magarini. Wawaache wazee waseme Kigiriama chao bila kukatizwa, na waliompinga wasirukwe. Sanamu haina haraka, jiwe litasubiri.

Mzee wangu yuko nyumbani kila siku isipokuwa Jumatano, siku yake ya kliniki. Waje asubuhi, jioni husinzia. Na wakianza na nyuki, watakaa huko huko mpaka adhuhuri.

Wako,
Mkazi wa Kaloleni