Riwaya za zamani si uongo

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi nimjibu ndugu yangu aliyeandika wiki iliyopita kuwa sie tunaotunga riwaya za mambo ya kale tunawadanganya vijana, eti mwenye kutaka historia akasome historia. Mie mwaka wa 4 huu naandika riwaya ya kimbunga kilichopiga Zanzibar 1872 na neno lile limeniuma, nimeona nisinyamaze.

Kimbunga kile kilipiga Aprili 1872, enzi za Sultani Seyyid Barghash, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba hakikuigusa sana na ndo mana mpaka leo ukitaja karafuu watu wanakwambia Pemba. Haya yameandikwa, sina ugomvi nayo. Nimekaa siku nyingi pale Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa napekua makaratasi, nimesoma bei, nimesoma barua za mabalozi, nimesoma hasara za wenye mashamba. Lakini yule mtumwa aliyeamka asubuhi akakuta shamba zima limelala chini hakuna aliyemuuliza kitu. Na utumwa ulikuwa halali bado, soko la watumwa la Mkunazini limefungwa 1873. Mti umeanguka yeye yuko pale pale, na kule Pemba kazi ndo kwanza imezidi kwa vile bei ya karafuu ilipanda. Usiku ule alizungumza nini na mwenzake? Karatasi hilo halipo Kilimani wala halipo London.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Wete, Pemba. Msimu ukifika anakaa ukumbini usiku na taa ya chemni anachambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, anatupigia hadithi wala haangalii mikono, kidole gumba chake cheusi kwa utomvu hakitakati hata siku ya Idi. Alisema kafundishwa na bibi yake, ambaye aliletwa kutoka bara akiwa mtoto mdogo. Bara wapi? Hakusema. Jina alopewa na mama yake? Hajui. Kilichobaki cha yule mtu katika ukoo wetu mzima ni namna ya kukata kikonyo kwa kucha, basi.

Sasa ndugu yangu nambie, mtu kama huyo nimwandike vipi kwa historia ya tarehe na saini? Tarehe za kimbunga sizigusi, wala Seyyid Barghash simtilii maneno mdomoni. Ninayemtunga ni mwanamke mmoja tu wa shambani, nimempa kidole cha bibi yangu, na msomaji namwambia wazi ukurasa wa mwanzo kabisa kuwa huyu nimemtunga.

Mwenye bibi au babu aliyechuma karafuu zamani, Pemba au mashamba ya huku Unguja, namuomba akamuulize sasa hivi angali hai, wakichuma wakiimba nini, wakilipwa ngapi kwa pishi (kile kipimo cha zamani), na nani kamfundisha kuchambua. Mie nitamfuata popote alipo hata kama ni Micheweni kule Pemba, nitasikiliza.

Msomaji wenu,
Mwanakwerekwe, Unguja