Rafiki yangu kaanza unga (heroini), nimwambie mama yake au ninyamaze?

Anti shikamoo, na wasomaji wengine wakubwa zangu wote shikamooni. Mimi ni kijana wa miaka 17, nipo kidato cha nne, naishi Temeke hapa Dar. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, hata usingizi sipati vizuri.

Tupo wana watano, tumekua pamoja toka darasa la pili, mtaa mmoja, madrasa moja, mpira timu moja. Najua kuna atakayesema achana nao tafuta marafiki wengine, ila huku kwetu ukiwa na wana ukitoka tuisheni saa mbili usiku hakuna wa kukugusa, simu yako inafika nyumbani, na shuleni kama huna kundi kila mtu anakuonea. Ndo maana mwaka jana walipoanza kuvuta bangi nyuma ya sehemu ya kuoshea magari na mimi nilikuwepo, na sidanganyi, nimevuta pia kama mara nne hivi, mara ya mwisho ilikuwa skanka, ile bangi kali, nikatapika na moyo ukaenda mbio mpaka nikajua nakufa, toka siku hiyo nikikaa nao nashika soda tu. Walinicheka siku mbili tatu wakazoea.

Shida ni mmoja wetu, tumuite J, ambaye ndo mtu wangu wa karibu kuliko wote. Toka mfungo uishe anashinda na makaka wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara, wale wanachanganya unga na bangi kwenye msokoto mmoja wanaita kokteli. Nikimuuliza anasema hiyo ni bangi tu imeongezwa nguvu, teja ni yule anayejichoma sindano.

Mimi najua sio kweli kwa sababu kwetu tumepitia. Kaka yangu mkubwa alikuwa teja, nimekua namuona. Mama ni fundi cherehani, kaka aliiba mpaka vitambaa vya wateja, mama akawa analipa kidogo kidogo mwaka mzima. Arosto ikimshika anajikunja sakafuni, kamasi, kuharisha, mifupa inauma, anatetemeka na joto lote hili la Dar. Na alianza na kokteli hiyo hiyo, sindano ilikuja baadaye pale moshi ulipoacha kumtosha. Mungu akasaidia akaingia kwenye methadone, dawa ya kunywa badala ya unga ili arosto isimshike, hospitali ya Temeke, hii huduma Muhimbili ndo walianza mwaka 2011 halafu ikasogea na huku, na mpaka leo kila asubuhi anaenda kunywa dozi yake mbele ya nesi, hata Idi anaenda kwanza kunywa ndo anarudi kula pilau na sisi.

Kwa hiyo J akikaa tu mimi naona. Anajikuna kuna pua, sauti inakuwa nzito, kope zinashuka. Juzi kabembea, yaani kasinzia kwa unga, na sahani ya chipsi mkononi mpaka zote zikamwagika chini, wana wakacheka sana, mimi nikaondoka machozi yananilenga.

Mama yake anauza vitumbua pale kona, kila asubuhi nikienda shule ananipa viwili bure, ananiambia mwanangu muangalie mwenzio siku hizi simuelewi. Jumatatu kaniuliza kabisa, "J anatumia kitu gani?" Nikamjibu hamna mama, ni mawazo ya mtihani tu. Huyu mama kanilea nusu, mama yangu alipokuwa anahangaika na kaka mimi nilikuwa nakula na kulala kwake, na nimemdanganya machoni.

Sasa nikimwambia, baba yake J ni mkali mno, alishasema mtoto wake akigusa hivi vitu atampeleka polisi mwenyewe, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haimgusi muuzaji peke yake, hata anayetumia ana kesi. Akikamatwa sasa hivi mtihani wa Novemba ndo basi tena. Na wana watajua ni mimi nimemchoma maana kati yetu ni mimi tu nisiyevuta, na wale makaka wa ng'ambo nao nawaogopa kusema ukweli.

Nikamwambia kaka. Kanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Mimi nilipoanza mtaa mzima ulijua kasoro mama." Basi, hilo neno halinitoki kichwani. Yupo tayari kukaa na J wazungumze, ila J akimuona anamkimbia, anasema hataki mawaidha ya teja.

Anti nianzie wapi? Nimwambie mama peke yake baba asijue kwanza? Niende na kaka ili amuelezee habari ya kliniki hapo hapo kabla hajachanganyikiwa? Au nimpe J siku chache aseme mwenyewe? Na nyie wazazi ambao mliwahi kuambiwa mtoto wenu anatumia, mlitamani muambiwe vipi na nani? Naombeni mnijibu mapema, kila asubuhi lazima nipite pale kona na vitumbua vyake nimeanza kuvikataa.