Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: watoto wetu hawajui kufuta sentensi

Mheshimiwa Waziri, salamu na heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa lugha, nimefundisha madarasa ya chini mpaka ya juu, na kuna jambo linaniuma sana. Wanafunzi wetu kuongeza sentensi wanajua, kutoa ile isiyo na kazi ndo shida.

Chukua aya hii. Nyuki akipata maua mengi anarudi mzingani anacheza. Mchezo ule unawaonyesha wenzake upande wa kwenda na umbali. Asali ni tamu na wengine wanaitumia kama dawa. Wenzake wakishaelewa wanaruka kuyafuata maua.

Mtoto wa darasa la tatu ukimuuliza ipi imezidi atakwambia hakuna, maana zote ni za nyuki na ya asali ndo imemfurahisha kuliko zote. Ungechomeka sentensi ya mpira angeiona fasta. Wa la saba anahisi kuna kitu, ila ukimuuliza kwa nini anakujibu "naona tu haifai". Na sekondari bado nakutana na wanaofuta sentensi iliyowachosha wakidhani ndo isiyo na kazi.

Siyo uzembe wao. Kwenye utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1983, watafiti Ann Brown na Jeanne Day waliwapima wanafunzi kuanzia darasa la tano hadi chuo kwenye kufupisha habari, wadogo wakaweza kufuta yaliyojirudia na madogomadogo, lakini kutunga wenyewe sentensi inayobeba hoja ya aya nzima ikawashinda. Mi naona mzizi uko hapo, asiyejua aya inataka kusema nini atajuaje kilichozidi?

Sasa mitihani yetu inampa A, B, C, D anabahatisha, halafu kwenye insha tunamwambia ajaze kurasa, yaani mkono mmoja tunamfundisha kupunguza mwingine tunampa maksi za urefu!

Ninachoomba ni hiki, chini ya swali la kuchagua muweke mistari miwili aandike sababu, na insha fupi iliyokamilika isikatwe maksi kwa ufupi wake. Na tuanze mapema, la tatu, kwa mdomo tu. Mi huwa namwambia mtoto afunike sentensi kwa kidole asome tena, kuna kilichopotea? Wanabishana mpaka kengele inalia na hawataki kutoka.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa lugha