Asilimia Haimkamati Mwizi wa Tasnifu

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: OMBI LA KUTOTUMIA ASILIMIA YA UFANANO KAMA HUKUMU YA WIZI WA MAANDISHI

Tunakuandikia kama wasimamizi, watahini na wahariri wa tasnifu, hasa zinazoandikwa kwa Kiswahili. Ombi letu ni moja: Tume ielekeze kwamba asilimia inayotolewa na programu ya kupima ufanano isitumike peke yake kumpitisha mwanafunzi wala kumkwamisha. Mahali pake pachukuliwe na ripoti iliyosomwa na mtu, ukurasa kwa ukurasa, na kutiwa saini.

Turnitin na programu za aina yake hulinganisha mfuatano wa maneno ya mwanafunzi na yaliyomo kwenye ghala la data: kurasa za intaneti, majarida, na kazi za wanafunzi zilizowahi kuwasilishwa. Kilichofanana hupakwa rangi, kisha huhesabiwa. Kampuni yenyewe hueleza kwamba programu yake haitambui wizi, bali huonyesha ufanano, na uamuzi ni wa msomaji. Asilimia ya jumla nayo hupewa rangi: ya kijani huishia asilimia 24 na ya njano huanzia 25, lakini mipaka hiyo ni ya kupanga rangi tu. Haikuwekwa iwe mstari wa kufaulu na kufeli.

Tasnifu ya sheria inayonukuu ibara za Katiba neno kwa neno, ndani ya alama za mtajo na kwa namba za ibara, inaweza kufika asilimia 30 bila kosa hata moja. Tasnifu nyingine ya kurasa 70 ina asilimia 6. Asilimia 6 ya kurasa 70 ni kurasa nne hivi, na zinaweza kuwa kurasa nne mfululizo za sura ya matokeo, zilizonyanyuliwa kwa mtafiti mwingine pamoja na hoja zake zote. Ukiweka kikomo cha 20, wa kwanza anarudishwa na wa pili anavaa joho.

Kwa Kiswahili hali ni mbaya zaidi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Chukua sentensi hii tuliyoitunga kwa mfano: "Wavuvi wanaotumia nyavu za macho madogo hunasa samaki wachanga kabla hawajazaa, na hivyo hupunguza mavuno ya miaka inayofuata." Mwanafunzi anaigeuza: "Wavuvi ambao hutumia nyavu zenye matundu madogo huwakamata samaki wadogo kabla ya kuzaa, jambo linalopunguza mavuno ya miaka ijayo." Wanaotumia limekuwa ambao hutumia, hunasa limekuwa huwakamata, hawajazaa limekuwa kuzaa. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo ukigusa kiambishi kimoja tu, machoni pa mashine neno zima ni jipya na mfuatano umekatika. Mifupa ya hoja imebaki ileile, mpangilio uleule, na rangi inaweza isionekane kabisa. Hata chanzo kikitajwa mwishoni, bado ni kosa, kwa sababu msomaji anaaminishwa kwamba sentensi ni ya mwanafunzi.

Aliyeielewa hoja hufunga kitabu, huiandika kwa mpangilio wake, kisha hukifungua tena kuhakiki asije akaipotosha: "Samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, kizazi kinachofuata kimekatwa pamoja naye, ukubwa wa macho ya wavu ndio unaoamua mavuno ya kesho," halafu jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Kama maneno ya mwandishi hayana mbadala, yawekwe ndani ya alama za mtajo. Kunukuu si aibu.

Kuna pia wizi wa kutafsiri. Mwanafunzi anachukua sura ya mapitio iliyoandikwa kwa Kiingereza, anaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, ananyoosha ngeli, anaikabidhi. Ripoti inaweza kuonyesha karibu sifuri. Aliyekuwa Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1992 kuhusu Michezo ya Olimpiki. Januari 2012 gazeti la HVG lilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka katika kazi ya mtafiti wa Bulgaria, Nikolai Georgiev, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Shahada ilifutwa Machi 2012 na tarehe 2 Aprili akajiuzulu urais. Miaka 20 ilipita. Tafsiri hugunduliwa na msomaji anayezijua lugha zote mbili na aliyeisoma kazi ya asili, na huyo ndiye mtahini tunayeomba apewe muda na malipo yanayostahili kazi hiyo.

Na hata kunakili waziwazi kunaweza kupita, kwa sababu programu haiwezi kulinganisha na kisichokuwamo ghalani mwake. Tasnifu nyingi za Kiswahili za miaka iliyopita ni vitabu vya karatasi kwenye rafu za maktaba. Anayenakili humo yuko salama kuliko anayenakili mtandaoni.

Wapo watakaopendekeza tufuate India. Kanuni zao za mwaka 2018 zilipanga ngazi: mpaka asilimia 10 hakuna adhabu; zaidi ya 10 mpaka 40 kazi hurudishwa isahihishwe ndani ya miezi sita; zaidi ya 40 mpaka 60 mwanafunzi huzuiwa mwaka mmoja; kuzidi 60 usajili hufutwa. Uzuri wake ni kwamba adhabu inajulikana mapema. Lakini mwenye 11 atabadilisha maneno mpaka afike 9, na hapo tumemfundisha kuficha badala ya kutaja chanzo.

Tunachopendekeza kinaweza kuanza muhula ujao. Ripoti isomwe mara mbili: kwanza nukuu na orodha ya marejeleo zikiwa zimeondolewa, kisha zikiwamo, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuifunga aya nzima ndani ya alama za mtajo ili ichujwe isihesabiwe. Kila kipande kinachozidi maneno 15 hivi kiandikiwe neno pembeni: nukuu sahihi, jina rasmi, au kimenyanyuliwa. Msomaji atazame pia hila za kuikwepa mashine: herufi za Kisirili, zile za Kirusi, zilizopandikizwa mahali pa herufi zetu zinazofanana nazo, maandishi meupe yaliyofichwa katikati ya maneno, na kurasa zilizobandikwa kama picha. Rasimu zisihifadhiwe kwenye ghala la programu, la sivyo tasnifu ya mwisho itafanana na rasimu yake yenyewe kwa asilimia 90 na zaidi, na mwanafunzi asiye na hatia atatolewa jasho.

Kabla ya utetezi, mtahini achague marejeleo matano bila mpango na kumwomba mwanafunzi afungue kurasa alizozitaja. Tunakipenda kipimo hiki kuliko vyote. Hakihitaji leseni, na kinafichua tabia ya kuchukua marejeleo kutoka tasnifu ya mwenzake bila kukiona kitabu, ambapo hata namba ya ukurasa iliyokosewa huhamishwa vilevile ilivyo. Aliyekisoma chanzo kupitia kwa mwingine aandike "imenukuliwa katika", na amtaje aliyemsoma kweli.

Kila tasnifu iliyopitishwa iwekwe katika hifadhi ya pamoja ya kidijitali kama maandishi yanayosomeka na mashine, si picha za kurasa, na zile za rafuni zianze kuingizwa, za Kiswahili zikitangulia.

Mwisho ni daftari. Sehemu kubwa ya wizi tunaoukuta huanzia kwenye maelezo mabaya ya usomaji: aya imebandikwa kwenye kompyuta bila alama, na miezi minane baadaye mwenyewe hakumbuki ni yake au si yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afundishwe kuandika vitu vitatu kwa alama tatu: maneno ya mwandishi ndani ya alama za mtajo, hoja ya mwandishi kwa maneno ya mwanafunzi, ikianza na herufi H, na wazo lake mwenyewe, likianza na herufi W. Mbili za kwanza ziandikiwe ukurasa palepale, kabla kitabu hakijafungwa. Somo hili linatosha saa mbili, na mazoezi yake yasahihishwe kwa alama kama mazoezi mengine.

Tunaomba kuwasilisha.

Wasimamizi, watahini na wahariri wa tasnifu za Kiswahili