Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu hapa Rostock, Ujerumani, na msimu wa merikebu

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi na poleni na baridi. Mambo ya ada na salio ataeleza mweka hazina mwenyewe siku ya mkutano, mimi nataka niongelee Hanse Sail, yale maonyesho ya merikebu, maana ndo kitu kilichotukutanisha mwaka huu kuliko kingine chochote.

Mliojiunga juzi juzi, hii shughuli ipo tangu 1991, kila Agosti, merikebu za matanga kutoka nchi kibao zinaingia kwa Warnemünde, pale mto Warnow unapoingia baharini, halafu zinapanda mto huo mpaka Stadthafen, bandari ya pale mjini. Huo mlango wa bahari Rostock waliununua 1323, yani enzi za Hansa, ule umoja wa miji ya biashara, walishaona kwamba bila Warnemünde biashara yao itakuwa mikononi mwa wengine.

Banda letu la sambusa lilienda vizuri, asanteni sana kina mama. Ila kwangu mimi siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tulipopanda merikebu moja na mzee wetu aliyefanya kazi kwenye majahazi kule Lamu, akawa anapapasa kamba moja moja anauliza henza, yani kamba ya kupandishia tanga, ni ipi, baharia mmoja binti hamwelewi, mzee akafanya kama anavuta tanga, basi yule binti akamshika mkono akampeleka mpaka penyewe. Jahazi letu lina foromali moja, ule mti unaobeba tanga, na tanga la pembetatu, hizi zina foromali kadhaa zimekatiza mlingoti na vijana wanapanda huko juu na mikanda yao kufungua matanga, mzee hakutaka kushuka kabisa.

Tukaambiwa wengi wa mabaharia hao wanajitolea tu, hawalipwi, na chombo kinaishi kwa hela za wageni wanaolipia kutembezwa baharini. Kwa kweli imeniingia sana. Tunaishi kwenye mji huu, watoto wetu wanakulia hapa, mi naona tusiishie kwenye sambusa tu, winta ndo wanakwangua kutu na kupaka rangi na mikono wanaihitaji.

Watoto tuliwapeleka pia kanisa la Marienkirche kuona ile saa ya 1472 sanamu za mitume zikipita saa sita mchana, kalenda yake inafika mpaka 2150, wakaanza kupigiana hesabu watakuwa na miaka mingapi!

Anayetaka kwenda kwenye kazi za winta ampe katibu jina kabla ya mkutano, vijana kuanzia miaka 16 waje na ruhusa ya wazazi, na nguo ziwe za kuchafuka.